Moja kwa Mbili kwa Nne

Mwalimu Mwakisyala aliandika ubaoni:
machungwa matatu kwa maembe matano.
Sisi wa Mwakaleli, machungwa tuliyaona vitabuni;
mvua ya kwetu hainyamazi yakapata kuiva.
Nilipata mbili kati ya ishirini.
Karatasi nikaikunja, nikaificha kwenye soksi,
soksi ikalowa, wino ukanichora mguu,
nikatembea na alama zangu hadi Jumapili.

Baba hakuuliza. Ambakisye, fundi mwashi,
alinipa kopo tupu la maziwa ya unga. "Chota."
Kopo moja la simenti.
Mawili ya mchanga wa mtoni.
Manne ya kokoto, zile nyeusi
wanazogonga kina mama kando ya barabara
kwa nyundo za mpini mfupi.
"Sasa chukua ndoo. Fanya vilevile."
Nikafanya.
"Sasa toroli."
Nikafanya, mgongo ukilia.
"Nini kimebadilika?"
Nikasema, mikono yangu.
Akacheka mpaka akakaa juu ya mfuko.
"Na nini hakikubadilika?"

Hapo nikauona. Si namba,
ni namna namba zinavyotazamana,
kama ndugu watatu pichani: ikuze, ipunguze,
mrefu atabaki mrefu
na kitinda mimba hafiki begani.

Mwenyekiti wa kamati akaja na mwavuli.
"Fundi, piga moja kwa nne kwa nane. Nani ataonja?"
Baba akafuta mwiko kwenye suruali, akaufunga, akaondoka.
Wakaleta mwingine.
Choo cha shule kikasimama masika mawili;
masika ya tatu ungeweza kukichimba kwa kijiko.
Wasichana mia na ishirini kwa matundu manne
tukawa mia na ishirini kwa matundu mawili.
Hesabu hiyo haikuandikwa ubaoni.

Juni hii, ukungu umelala juu ya migomba,
tukamchimbia yeye.
Watu wanne, saa sita; watu wanane, saa tatu:
ndivyo ninavyofundisha Uyole, kwa sauti, bila kupepesa.
Walikuja ishirini na wanne.
Kwa kitabu changu, saa moja ingetosha.
Lakini kaburi ni upana wa wawili tu.
Wengine walisimama na makoleo yao
wakikohoa, wakipokezana sigara moja,
na saa zikabaki zilezile.

Jioni, gharama za kulijengea.
Laki mbili na arobaini.
Gwamaka, anayechimba dhahabu Chunya, sehemu tatu.
Mimi mbili. Subilaga, muuza ndizi, moja.
Nikagawa haraka, niliona fahari:
laki na ishirini, themanini, arobaini.
Haki, kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake.
Subilaga akafungua kanga, akahesabu noti zenye harufu ya ndizi mbivu,
noti za elfu mbili mbili, ishirini kamili,
hakusema kitu.

Miaka miwili alimgeuza Baba kitandani,
kila usiku mara tatu.
Nilitafuta pa kuandika hilo.
Mara tatu kwa elfu ngapi?
Kila mwaka huwaambia watoto: vizio vifanane kwanza,
huwezi kulinganisha lita na maili.
Nikaifunga kalamu.

Asubuhi tukakoroga zege wenyewe, watatu,
Gwamaka akivuta koleo kama anayegombana nalo.
Moja. Mbili. Nne.
Subilaga akashika ndoo ya maji.
"Kiasi gani?"

Baba hakuwahi kusema.
Maji aliyapima kwa sikio:
koleo likikwaruza, bado;
likiteleza kimya, umezidisha.
Mimina kidogo kidogo, nikamwambia.
Akamimina.
Tukainama, tukasikiliza.